Umeme Unaochambua Shaba



Anayesafiri barabara ya Tunduma hadi Dar es Salaam lazima apishane na malori ya shaba. Siku hizi mzigo mwingi umo ndani ya makontena, lakini matrela ya wazi bado yapo, na turubai likilegea unaona mabamba mapana ya mraba, karibu mita moja kila upande, yamelazwa moja juu ya jingine na kukazwa kwa mikanda ya chuma. Fungu moja lina tani mbili na ushei. Ukilisogelea lori likiwa kwenye foleni ya mizani, utaona kwamba rangi ya shaba hiyo haifanani na ya waya mpya. Ni waridi iliyofifia, na uso wa bamba una vipele vidogo vidogo, hasa pembeni.

Vipele hivyo ndivyo vilivyonifanya nichague mada ya leo. Bamba lililomiminwa kutoka kwenye tanuri halina sura ile. Bamba hili halikumiminwa. Limeota, atomu juu ya atomu, ndani ya tangi la asidi, kwa muda wa wiki hivi, na mahali ambapo atomu zilikimbilia kwa wingi kuliko kwingine ndipo palipoota kipele. Kazi iliyoliotesha inaitwa elektrolisisi, yaani kutumia umeme kuchambua kitu kilichoungana kikemia na kupata sehemu zake.

Shaba hiyo hutoka Katanga, nchini Kongo, na Zambia. Iliingia kiwandani ikiwa mawe na udongo ambao katika kila kilo 100 shaba ilikuwa kilo chache tu. Ikatoka ikiwa na usafi wa asilimia 99.99. Moto unaweza mengi, lakini hilo haliwezi. Tanuri lenye mafundi hodari hufikisha shaba kwenye asilimia 99 na nusu hivi, kisha hukwama. Kwa sufuria, nusu asilimia ya uchafu haina neno. Kwa waya wa umeme ni hasara: aseniki au fosforasi isiyozidi sehemu moja katika elfu inatosha kuupunguzia waya uwezo wa kupitisha umeme kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana dunia ilipoanza kutandaza nyaya za simu za maandishi, kisha za taa na mashine, ilihitaji shaba iliyosafishwa kwa umeme ili umeme wenyewe upate njia ya kupita.

Hapa mezani nina gilasi mbili. Ya kwanza ina maji niliyoyeyushia mrututu, ile chumvi ya buluu wanayoifahamu wakulima wa kahawa na wafugaji. Nimechomeka humo vijiti viwili vya kaboni nilivyovitoa kwenye betri kuukuu za redio, na nimehakikisha havigusani. Kila kijiti kina waya wake, na nyaya zinakwenda kwenye betri nne zilizofungwa mfululizo, volti 6 kwa jumla. Naunganisha.

Walio mbele wawaambie wa nyuma wanachokiona. Kijiti cha upande wa hasi kinageuka hudhurungi, halafu kinaanza kushika wekundu wa shaba. Kile cha upande wa chanya kimevaa vipovu vidogo vinavyobanduka na kupanda juu. Hiyo ni oksijeni. Tukiacha jaribio liendelee hadi mwisho wa mhadhara, buluu ya maji itakuwa imepauka, na karatasi ya litimasi ya buluu ikichovywa humo itageuka nyekundu mara moja.

Kumetokea nini? Mrututu ukiyeyuka, huachana mapande mawili: ioni za shaba zenye chaji chanya, na ioni za salfeti zenye chaji hasi. Betri haikuziumba ioni hizo, na hili wanafunzi wengi hulikosea kwenye mtihani. Zilikuwamo majini kabla sijaunganisha chochote. Betri inachofanya ni kusukuma elektroni kwenye kijiti kimoja na kuzinyonya kutoka kingine. Kijiti kinachosukumiwa elektroni tunakiita kathodi, kinachonyonywa tunakiita anodi, na maji yenye ioni katikati yao ni elektroliti. Ioni ya shaba ikifika kwenye kathodi inapokea elektroni mbili, inakuwa atomu kamili ya shaba, na inabaki palepale ilipotua. Upande wa anodi naye lazima atokee mtoaji, kwa kuwa betri haikopeshi: elektroni zinazoingia huku ni sawa kwa hesabu na zinazotoka kule. Salfeti inakataa kutoa. Kaboni nayo ni ngumu. Yanayosalimu amri ni maji. Yanatoa elektroni na kuvunjika, oksijeni inapanda hewani, na ioni za haidrojeni zinabaki majini pamoja na salfeti. Haidrojeni na salfeti zikiwa pamoja majini, hiyo tayari ni asidi ya salfuriki, ndiyo sababu ya litimasi kuwa nyekundu.

Gilasi ya pili inafanana na ya kwanza kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Upande wa chanya nimeondoa kaboni na kuweka kipande cha waya mnene wa shaba. Tazameni: hakuna vipovu. Shaba ya waya inatoa elektroni kwa wepesi kuliko maji, kwa hiyo inayeyuka yenyewe, inavuka, na kutua upande wa pili. Buluu haipauki. Waya unakonda na kathodi inanenepa, kwa kiasi kilekile.

Viwanda vikubwa vya shaba duniani vinavyotumia umeme ni gilasi ya kwanza au gilasi ya pili, vikiwa na matangi mamia badala ya gilasi. Nitavirudia baadaye kidogo, maana kwanza kuna mchezo wa mitaani ambao sitaki uchanganywe na somo hili. Mtu huchovya msumari safi wa chuma kwenye maji ya mrututu, bila waya wala betri, na baada ya dakika chache anautoa ukiwa mwekundu. Nimewahi kusikia mtu akiambiwa kwamba hiyo ni dawa ya kugeuza chuma kuwa shaba. Chuma hakijageuka. Chuma huachilia elektroni kwa wepesi kuliko shaba, hivyo chuma kidogo kimeyeyuka na shaba kidogo imetua mahali pake. Ukikwangua, msumari ni uleule. Tofauti na elektrolisisi ni kwamba mabadiliko ya msumari yanakwenda yenyewe, na yangeweza hata kutoa umeme kidogo tukiyapangia njia. Ni maji yanayoteremka mlima. Elektrolisisi ni pampu inayoyapandisha, na pampu ina bili.

Bili hiyo inahesabika, na aliyetufundisha kuihesabu ni Michael Faraday. Kijana huyu wa London alikuwa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu. Mwaka 1812 alipata tiketi za kuhudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy kwenye Royal Institution, akaandika kila alichokisikia, akajalidi maandishi yake na kumpelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Hili nawaambia kwa makusudi ninyi wanafunzi mliokaa mbele. Ilipofika miaka ya 1833 na 1834, Faraday alikuwa ameonyesha kwamba kiasi cha kitu kinachotua kwenye elektrodi hutegemea kiasi cha umeme uliopita, basi. Ukubwa wa chombo haubadilishi kitu, wala umbali kati ya vijiti, wala ukali wa myeyusho. Majina anodi, kathodi na ioni nayo yaliingia kwenye sayansi wakati huo, kutoka kwenye maandishi yake.

Leo tunajua sababu. Umeme unaopita ni elektroni, na elektroni zinahesabika. Ioni ya shaba inataka mbili, ya fedha inataka moja, ya aluminiamu inataka tatu. Kwa hiyo ampea moja ikipita kwa saa moja, huotesha gramu 4.02 za fedha, au gramu 1.19 za shaba, au gramu 0.34 za aluminiamu. Hesabu hizo mzipeleke kwenye tangi la kiwanda. Tuseme linapitisha ampea 30,000 usiku na mchana. Katika saa 24 hilo ni ampea-saa 720,000, ambazo zikizidishwa kwa gramu 1.19 zinatoa karibu kilo 850 za shaba. Kiwandani hupungua kidogo, kwani baadhi ya umeme hupotea mahali ambapo mabamba yamegusana, na hapo ndipo vile vipele vinaposababisha hasara: kipele kikikua hadi kikafikia bamba la jirani, umeme hupita moja kwa moja bila kufanya kazi. Wapo wafanyakazi ambao zamu yao ni kutembea juu ya matangi wakiwinda miguso hiyo.

Hebu sasa nizungumzie maji, kwa sababu maji ni msaidizi na ni mkorofi. Mwitaliano Alessandro Volta alitangaza betri yake, rundo la vipande vya zinki na fedha, mwaka 1800, na kabla mwaka haujaisha William Nicholson na Anthony Carlisle walikwisha kulitumia kuvunja maji kupata haidrojeni na oksijeni. Davy alitaka kwenda mbali zaidi. Alikuwa na potashi, dutu ambayo hakuna tanuri lililowahi kuichambua. Alipoiyeyusha majini na kupitisha umeme, alipata haidrojeni na oksijeni tu. Maji yalikuwa yanajitoa kwanza. Oktoba 1807 akaachana na maji: alichukua potashi kavu yenye unyevu kidogo tu wa kuipitishia umeme, ikayeyuka kwa joto la umeme wenyewe, na kwenye kathodi yakajitokeza matone madogo yanayong'aa, mengine yakilipuka na kuwaka. Ilikuwa potasiamu. Siku chache baadaye akapata sodiamu, na mwaka 1808 kalisiamu, magnesiamu, stronti na bari. Metali ambazo moto ulishindwa nazo tangu enzi zilianguka katika muda usiofika miaka miwili.

Kanuni yake ni fupi: umeme huchukua kilicho rahisi kwanza. Chukueni maji ya chumvi, ya kawaida kabisa kama yanayokaushwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Mwanafunzi atatarajia sodiamu kwenye kathodi. Haiji, kwa sababu maji yanapokea elektroni kwa wepesi zaidi. Inatoka haidrojeni, na kinachobaki majini ni kostiki soda. Kwenye anodi inatoka klorini. Kwa chumvi na umeme, basi, kiwanda kinapata vitu vitatu kwa mpigo. Klorini inakwenda kuua vijidudu kwenye maji ya bomba na kutengeneza plastiki ya mabomba yenyewe. Kostiki inakwenda kwa watengeneza sabuni, pamoja na yule mama wa Kigoma anayeichanganya na mawese kwenye ndoo. Na mkiacha klorini na kostiki zikutane tena ndani ya chombo kilekile, mnapata ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ambayo sote tunaiita jiki. Kiwanda kinachotaka kostiki safi huweka utando katikati unaopitisha ioni za sodiamu na kuzuia nyingine; zamani kilitumia zebaki, na madhara yake yamefanya teknolojia hiyo iwekewe mwisho kwa mkataba wa kimataifa.

Mtakaorudia nyumbani jaribio la maji ya chumvi, fanyeni nje, kwenye upepo. Harufu ya klorini mnayoijua kutoka kwenye ndoo ya kufulia ni ndogo sana. Ndani ya chumba kilichofungwa gesi hiyo inachoma mapafu. Na umeme wa ukutani msiuguse kabisa: mbali na kwamba unaua, ni mkondo geu unaobadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilichotua hung'olewa tena. Elektrolisisi inataka mkondo mnyoofu, kama wa betri.

Turudi kwenye shaba. Gilasi ya pili, ile yenye anodi ya shaba, ni kiwanda cha kusafishia. Mwingereza James Elkington, ambaye familia yake huko Birmingham ilitajirika kwa kupaka vijiko na birika tabaka jembamba la fedha kwa umeme, alichukua hataza ya njia hiyo mwaka 1865. Shaba iliyotoka kwenye tanuri ikiwa na usafi wa asilimia 99 hivi humiminwa kuwa anodi nene, huning'inizwa kwenye tangi, na umeme wa volti 0.3 tu hupitishwa. Mimi naona hapa ndipo elektrolisisi inapopendeza kuliko mahali pengine popote. Nikeli, chuma na zinki zilizomo kwenye anodi huyeyuka pamoja na shaba, lakini volti ni ndogo mno kuziwezesha kutua. Hubaki zikielea majini. Dhahabu na fedha zinakataa kuyeyuka tangu mwanzo, kwa hiyo shaba iliyozishikilia ikiondoka zinaanguka chini. Shaba peke yake ndiyo inayoyeyuka na pia kutua. Chini ya tangi hujikusanya tope jeusi, na tope hilo halitupwi ng'o: lina dhahabu, fedha, seleni na teluri, na viwanda vingi hulipa sehemu nzuri ya gharama zao kwa kuliuza.

Gilasi ya kwanza ndiyo ya Katanga. Mawe ya kijani ya huko, malakaiti na ndugu zake, hayahitaji tanuri. Yanasagwa na kuloweshwa kwenye asidi ya salfuriki, shaba inaingia kwenye asidi, na asidi yenye shaba inapelekwa kwenye matangi. Anodi ni ya risasi iliyochanganywa na metali nyingine kidogo, isiyoyeyuka. Kathodi siku hizi huwa bamba la chuma cha pua, ambalo shaba hubanduliwa juu yake. Mnakumbuka kwamba gilasi ya kwanza iligeuka asidi: kiwandani hiyo ni neema, kwani asidi inayozaliwa kwenye anodi inarudishwa kwenda kuloweka mawe mengine. Hata hivyo vile vipovu vya oksijeni, vikipasuka juu ya tangi, hurusha matone madogo ya asidi hewani. Ukumbi mzima hukwaruza koo. Ndiyo sababu juu ya matangi huelea vitufe vya plastiki, na wafanyakazi huvaa vifaa vya kukinga pumzi, au wanapaswa kuvaa. Asidi inayopotea lazima ijazwe, na hapa tena barabara yetu inahusika: malori yanayoshusha shaba bandarini, mengine hupandisha salfa ya kutengenezea asidi.

Kwa kuwa anodi haiyeyuki na maji lazima yavunjwe, gilasi ya kwanza inataka karibu volti 2 badala ya 0.3. Fanyeni hesabu ya Faraday: tani moja ya shaba inahitaji ampea-saa 844,000 hivi, zidisha kwa volti 2, ongeza upotevu, unapata takriban uniti 2,000 za umeme kwa tani. Hapo ndipo jiografia inapoingia kwenye kemia. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzisha kiwanda cha elektrolisisi cha Shituru, kwenye mji unaoitwa sasa Likasi, mwaka 1929, na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira likaanza kazi mwaka 1930. Kiwanda na bwawa vilizaliwa pacha, na haingewezekana vinginevyo. Baadaye mahitaji yalizidi mito ya jirani, na mwaka 1982 ukakamilika mstari wa umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi kuvuka nchi nzima, ukipita juu ya vijiji vilivyobaki na vibatari. Mstari wenyewe unabeba mkondo mnyoofu, ambao ukifika Kolwezi hugeuzwa kuwa mkondo geu, kisha viwanda huunyoosha tena kwa ajili ya matangi. Hata hivyo umeme haujatosha. Migodi mingi ya huko hununua kutoka Zambia na kuwasha majenereta ya dizeli.

Kobalti imelipa gharama ya upungufu huo. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Viwanda vya Shituru na Luilu vilikuwa vikiitoa kama metali, kwa elektrolisisi. Leo sehemu kubwa inaondoka ikiwa unga wenye unyevu uliopakiwa kwenye magunia makubwa, haidroksaidi ya kobalti, ikamaliziwe China. Sitasema umeme ndio sababu pekee. Soko la betri lenyewe linataka chumvi za kobalti kuliko metali, na mitaji ina mengi ya kusema. Lakini anayezungumza juu ya kuongeza thamani ya madini bila kutaja uniti za umeme kwa tani, mimi humwona amesoma nusu ya kitabu.

Aluminiamu inaonyesha jambo hili kwa ukali wake wote. Haiwezi kutolewa kwenye maji, kwa sababu ileile iliyomsumbua Davy. Lazima oksaidi yake iyeyushwe, nayo yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Mwaka 1886 vijana wawili wasiojuana, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, wote wakiwa na umri wa miaka 22 au 23, waligundua kwamba inayeyuka ndani ya madini ya krayolaiti yaliyoyeyushwa kwenye nyuzi 960 hivi, na kwamba umeme ukipitishwa humo aluminiamu huzama chini ikiwa kimiminika. Ongezeni elektroni tatu kwa kila atomu na volti zaidi ya 4, kilo moja inakula uniti 13 hadi 15. Shaba ya Katanga hula mbili.

Kwa hiyo aluminiamu huufuata umeme popote ulipo. Kiwanda cha Mozal karibu na Maputo, kilichoanza uzalishaji mwaka 2000, kilijengwa kupokea alumina, yaani hiyo oksaidi ya aluminiamu, iliyosafirishwa kwa meli kutoka Australia, kwa sababu umeme wa kusini mwa Afrika ulikuwa nafuu wakati ule. Matumizi yake yalikaribia megawati 900. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo yake yote tisa ikizunguka, ni megawati 2,115. Kiwanda kimoja tu cha ukubwa ule kingechukua zaidi ya theluthi moja ya bwawa hilo, mchana na usiku, siku zote za mwaka. Na hakizimwi kwa zamu kama mtaa. Umeme ukikatika kwenye tangi la shaba, bamba hukaa likisubiri, ingawa asidi itaanza kulilamba taratibu. Kwenye vyungu vya aluminiamu, baada ya saa nne au tano metali na krayolaiti huganda pamoja, na kuvifungua ni kazi ya nyundo za upepo, chungu kimoja baada ya kingine, kwa miezi.